Usizime Hii Mashine: Maneno Niliyowaambia Vijana wa Tovuti Mwanza

Vijana walioandaa ile siku ya watu wa tovuti hapa Mwanza wameniomba niweke kwa maandishi yale niliyoongea kwasababu wengi walibaki nje ya ukumbi na spika ya nje ilikuwa inakoroma tu. Nimeandika kama nilivyosema, nimetoa pale nilipojirudia.

Mwangaluka! Asanteni. Wakubwa zangu mlioko hapa mbele shikamooni, na vijana wangu mliojazana huko nyuma, marahaba, nimewasikia.

Nimeambiwa niongelee jinsi tulivyokuwa tunaendesha tovuti zamani. Nikamuuliza kijana aliyenipigia simu, zamani ya lini mwanangu? Akasema ile ya kabla ya Facebook, mama. Nikakata simu nikakaa nje nikawa naangalia ziwa, maana kwa kweli sijawahi kuulizwa hiki kitu na mtu yeyote, hata watoto wangu hawajawahi kuniuliza, na mi nilikuwa nimebeba mengi sana.

Mwaka 2001 nimemaliza kozi ya uhazili nikapata kazi ya kukaa kaunta kwenye intaneti kafe moja hapa mjini, sio mbali na barabara ya Kenyatta. Kompyuta kumi, zile monita zenye kisogo kirefu zinazochoma kama jiko, dishi kubwa juu ya paa, na benchi la kusubiria. Nusu saa shilingi 500. Kompyuta ya kaunta ndo ilikuwa inagawa intaneti kwa zile tisa zingine, mtu akiizima kafe nzima inakufa na wateja wanaanza kudai hela zao. Kwahiyo wiki ya kwanza tu nikachana karatasi ya daftari nikaandika kwa kalamu nyekundu USIZIME HII MASHINE, nikabandika kwa selotepu.

Miaka mingi baadae nikaja kuona picha ya kompyuta ya Tim Berners-Lee, yule Mwingereza aliyebuni web, yaani huu mfumo wa kurasa za intaneti, akiwa pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, Uswisi. Ile mashine yake iliyokuwa seva ya kwanza kabisa ya web duniani, yaani mashine inayowagawia watu kurasa, ina kikaratasi kimebandikwa, kimeandikwa kwa mkono, wino mwekundu, kinasema hii mashine ni seva msiizime. Nikaiangalia ile picha muda mrefu sana. Nikasema kumbe hata kule walikuwa na hofu ileile ya mfagiaji kuchomoa waya! Na hao CERN tarehe 30 Aprili 1993 walitangaza kwamba hiyo teknolojia wanaiachia watu wote, hakuna kulipia leseni, hakuna kuomba ruhusa. Mi huwa nasema ile ndo siku nilipopewa kazi bila kujua, maana wangeamua kuuza, msichana wa kaunta Mwanza angeinunulia wapi.

Sasa niwaambie intaneti yenyewe ilivyokuwa, kwasababu nyie mnaona video inaganda sekunde mbili mnaitukana laini. Sisi tulikuwa na kilobiti 64 kwa sekunde kwa kafe nzima. Gawanyeni kwa nane mpate kilobaiti, ni nane. Picha ya kilobaiti 40, ambayo siku hizi ni kapicha kadogo hata hakafai kuwa stika, ukiwa peke yako inachukua sekunde tano, na kompyuta zote kumi zikiwa na watu ni karibu dakika nzima kwa picha moja. Alafu ni setilaiti, iko juu kilomita kama 36,000, ombi lako linapanda linashuka Ulaya, jibu linapanda tena linashuka Mwanza, kwahiyo hata kama hakuna mtu mwingine ukibonyeza lazima usubiri zaidi ya nusu sekunde ndo jibu lianze kuja. Na mvua ya ziwani ikianguka dishi linapoteza setilaiti, mnakaa kimya wote mnaangalia madirisha.

Lakini ule ubovu ndo ulitufundisha. Nilikuwa nabaki usiku baada ya kufunga, bosi alikuwa ananiruhusu alimradi nisiwashe feni. Nabonyeza kitufe cha kulia cha mausi, nachagua kuangalia chanzo cha ukurasa, na pale ndo nikaona kwamba ukurasa wote ni maandishi tu, mtu kaandika, na kama kaandika mtu hata mi naweza. Sikuwa na kitabu wala mwalimu. Nilikuwa nakopi chanzo cha kurasa za watu kwenye flopi, ile ya megabaiti 1.44, nakwenda nayo kwenye kompyuta isiyo na intaneti nabadilisha neno moja naangalia nini kimebadilika, nabadilisha rangi, naangalia. Nikiharibu narudisha. Miezi mitatu hivi kila usiku, na yaani sijawahi kuwa na furaha ya namna ile kwenye kazi yoyote niliyofanya baadae.

Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa ratiba ya meli. Basi. Meli ya Bukoba siku gani saa ngapi, meli ya Nansio saa ngapi, nauli daraja la kwanza, la pili, la tatu. Rangi ya nyuma bluu, maandishi ya njano, na juu maneno ya karibu Mwanza yanatembea kutoka kulia kwenda kushoto bila kuchoka. Nikaweka na kaunta ya kuhesabu wageni, nikaweka na kitabu cha wageni, yaani sehemu ya ukurasa ambapo mgeni anaandika neno lake. Kila Alhamisi nlikuwa nashuka bandarini mwenyewe kwa miguu kuuliza kama ratiba imebadilika, kwasababu nilishajua kuna watu wanaiangalia, na mtu akifika na mizigo yake na watoto akakuta meli imeondoka jana kwasababu yangu, hiyo dhambi ningeiweka wapi.

Wa kwanza kusaini kitabu cha wageni alikuwa Mhaya anasoma Sweden. Aliandika sentensi mbili tu, kwamba amefurahi kuona jina la Kemondo kwenye kompyuta. Kemondo! Ile bandari ndogo. Nilienda nyumbani usiku ule natembea kama nimevaa viatu vipya.

Hapo ndo jukwaa likazaliwa, maana watu walikuwa wanajibizana ndani ya kitabu cha wageni, mmoja anauliza bei ya sato, mwingine anajibu, watatu anauliza kama kuna mtu anamjua fulani wa Bwiru aliyemaliza 1989. Kile kitabu hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. 2003 nikafungua jukwaa kwa kutumia phpBB, programu ya bure, wale jamaa waliianzisha 2000 wakaitoa kwa watu wote.

Niseme kidogo hapa kwamba hii fikra ya jukwaa ni ya zamani kuliko web. Ward Christensen na Randy Suess, Chicago, Februari 1978. Kulikuwa na theluji kubwa sana mwaka ule, watu wamefungiwa ndani, wakatengeneza mashine ambayo mtu anaipigia simu kwa modemu anaacha ujumbe, mwingine anapiga baadae anausoma. Mfano waliochukua ni ubao wa matangazo wa klabu yao, ule wa kuchomeka vikaratasi kwa pini. Laini ya simu ni moja kwahiyo mtu mmoja ndo anaingia kwa wakati, wengine wanasubiri akate. Wote wawili sasa ni marehemu, Suess 2019 na Christensen 2024, Mungu awapumzishe. Nawataja kwasababu mi nikisikia ubao wa vikaratasi naona ule ubao wa bandarini kwetu, na naona kwamba walichokijua wao ndo tulichokijua sisi, kwamba watu wanataka mahali pa kuacha neno ili anayekuja kesho alikute.

Kazi iliyonichukua muda kuliko zote ilikuwa kutafsiri. Ile programu ilikuja kwa Kiingereza, ina faili la lugha lenye mamia ya mistari, nikasema wateja wangu ni wavuvi na wafanyabiashara wa Mwaloni Kirumba, hawa hawawezi kubonyeza kitu wasichokisoma. Kila neno likawa kesi. Paswedi tuite nini? Mimi nikaweka neno la siri, mwalimu mmoja wa Nansio akasema nywila, tukabishana wiki mbili na mwisho nikaacha neno la siri kwasababu mama wa dagaa aliyekuwa amekaa kompyuta namba tatu nilipomwonesha nywila akauliza ni ugonjwa gani huo. Mada tukaiita mada. Modereta tukamwita msimamizi, ingawa kuna waliotaka mzee wa baraza na mi hadi leo naona lile lilikuwa zuri zaidi. Wakati huohuo Dar kuna watu Chuo Kikuu walikuwa wanatafsiri OpenOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, kwa Kiswahili, Ndesanjo Macha akaanza kuandika blogu yake ya Jikomboe 2004, Wikipedia ya Kiswahili ilikuwa imeanza 2003. Wengi wetu hatukuwa tunajuana, lakini kila mmoja kwenye kona yake alikuwa anabishana neno la siri au nywila, na nikilifikiria hilo moyo wangu unajaa. Hakuna aliyetutuma. Tulikuwa tunaitengenezea lugha yetu nyumba mpya, tofali kwa tofali.

Hela sasa. Hosti, yaani mahali tovuti inapokaa, na domeini, yaani jina lake, vilikuwa vinalipiwa nje kwa kadi ya benki, na Mwanza ya mwaka ule nani alikuwa na kadi ya kulipia nje? Binamu yangu mmoja alikuwa Uingereza analipa yeye, mi namtafutia. Watu walikuwa wanachangia lakini M-Pesa Tanzania imekuja 2008, kabla ya hapo mnatumaje? Walikuwa wananunua vocha, wanakwangua, wananitumia zile namba kwa ujumbe wa ndani ya jukwaa, na mi naziuza palepale kaunta kwa wateja. Mwingine wa Ukerewe alikuwa anampa karani wa meli bahasha. Bahasha haikuwahi kupotea hata moja. Nlikuwa na daftari, kila shilingi nimeiandika na jina la jukwaani la aliyetoa, na kila Januari naweka mahesabu hadharani, tumepata kiasi hiki, hosti kiasi hiki, imebaki hiki. Nyie mnaoanza sasa, fanyeni hilo hata kama mna watu kumi.

Niliwajua watu wangu kwa namna ambayo siwezi kuwaeleza vizuri. Nilijua nani akiandika usiku wa manane ana matatizo nyumbani. Nilijua wawili wa Simba na Yanga nikiwaachia mada moja mpaka asubuhi nitakuta kurasa sita za matusi, kwahiyo saa nne usiku naifunga mada, nawaambia nendeni mkalale wakuu, kesho asubuhi nafungua, na kesho naifungua kweli. Niliujua hata mwezi, mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa wanaenda na karabai usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa taa hazivutii dagaa kwahiyo wanapumzika, wanakuja mjini, na kafe inajaa na jukwaa linachangamka. Nilikuwa nachora kwenye kalenda. Wiki ya mwezi mkubwa sifanyi marekebisho yoyote ya seva.

Kuna mzee mmoja wa Ukara, hakuwahi kushika kibodi, alikuwa anakuja na mjukuu wake, yeye anasimama nyuma anaongea na mtoto anachapa. Aliandikisha kila anachokijua kuhusu ziwa usiku. Kwamba mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu na usiku unageuka, na radi mbaya za ziwani ni za usiku kwenda alfajiri, na ukiona hivi geuza mtumbwi na ukiona vile usigeuze, subiri. Baadae nikasoma kwamba hata wataalamu wa hali ya hewa wanasema hivyohivyo kuhusu dhoruba za Victoria, kwamba zinajijenga usiku juu ya maji. Vijana wa Kome na Ukerewe walikuwa wanamuuliza maswali na yeye anayajibu wiki inayofuata akija na samaki. Mada moja, miaka mitatu.

Desemba 2004 tulipigwa. Kuna kirusi kilichoitwa Santy kilitoka tarehe 21, kilikuwa kinatumia Google kutafuta majukwaa ya phpBB yenye tundu moja la usalama alafu kinaandika juu ya mafaili ya kurasa kwamba tovuti imeharibiwa. Maelfu ya majukwaa duniani yaliangushwa siku chache tu. Na dawa ilikuwepo, toleo lililoziba lile tundu lilitoka Novemba, nililiona, nikasema nitaweka Januari kafe ikitulia. Kwahiyo lile lilikuwa langu. Asubuhi nafungua naona ukurasa mweusi na maandishi ya kigeni mekundu, miguu ikaisha nguvu kabisa. Bahati nzuri kilikuwa kinakula mafaili tu, databezi yenye maneno ya watu hakikuigusa, nikapandisha mafaili upya mamia kwa mamia kwa ile kilobiti 64, usiku tatu mfululizo, na wanajukwaa wawili walikuja kukaa na mi pale kafe kwenye kiza, tukitumia jenereta, mmoja kaleta chai kwenye chupa, hatukuwa tumewahi kuonana uso kwa uso hata siku moja. Krismasi ile jukwaa likawaka. Watu waliandika kama wamerudishiwa nyumba iliyoungua.

Kuanzia hapo nikawa nachoma bakapu kwenye sidii kila mwisho wa mwezi.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nikubali kuja hapa leo.

Wote mnaijua MV Bukoba, hata nyie mliozaliwa baadae. Alfajiri ya tarehe 21 Mei 1996, imetoka Bukoba imepita Kemondo, imeshakaribia Mwanza, ikapinduka. Zaidi ya watu 800. Makaburi yako Igoma pale. Jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni kwamba abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha, ila daraja la tatu hawakuandikwa popote. Mama anayepeleka ndizi, kijana anayekuja kutafuta kibarua, walikata tiketi wakapanda, na hakuna karatasi inayosema walikuwemo.

Mei 2003, jukwaa lina miezi michache tu, mtu mmoja akafungua mada akaandika jina la mdogo wake. Jina tu, na kwamba alikuwa daraja la tatu na alikuwa amevaa sweta la shule. Mwingine akaandika shangazi yake. Mpaka jioni mada imejaa. Mi nikaifunga isionekane na watu wa nje, waliojisajili tu, nikaweka sheria mbili, humu hakuna kubishana na humu hakuna picha. Kila mwaka tarehe 21 Mei inafunguliwa juu kabisa. Watu waliandika kutoka Muleba, kutoka Dar, kutoka Canada. Mmoja aliandika namba ya viti alivyowakatia wazazi wake mwenyewe kwa mkono wake, na kwamba hajawahi kumwambia mtu yeyote. Walijibiwa pole moja moja na watu wasiowajua. Siku hizi ningeulizwa nimefanya nini maishani, ntasema nilitunza ile mada.

Alafu mambo yakageuka, na yaligeuka kwa uzuri tu, sitaki kudanganya. Simu zikaja na Opera Mini, kivinjari chepesi cha simu, mtu anasoma akiwa kwenye mtumbwi. Julai 2009 kebo ya SEACOM, ile ya intaneti inayopita chini ya bahari, ikawashwa Dar, bei ikaanza kushuka. Mwaka huohuo Facebook ikaja kwa Kiswahili. Watu wakaenda huko, na mi siwalaumu, ndugu zao wako huko, picha zinaenda haraka, hakuna kujisajili mara mbili. Mada zilizokuwa na majibu hamsini zikawa na matano. Kafe ikafungwa ikawa duka la simu. Nikaendelea kuendesha jukwaa nyumbani na modemu ya laini.

2011 nauguza mama, miezi minne niko kijijini, na kampuni ya nje tuliyokuwa tumeweka tovuti ikafunga biashara. Walitoa taarifa ya siku thelathini kwa barua pepe. Ile barua ilienda kwenye anuani ya kafe iliyokuwa imeshakufa. Nimerudi mjini nafungua, hakuna kitu. Siyo ukurasa mweusi kama wa Santy, hamna kabisa, kivinjari kinasema anuani haipatikani.

Nikaenda kwenye Internet Archive, wale wanaotunza kopi za tovuti tangu 1996. Nikaikuta ratiba yangu ya meli na bluu yake na njano yake. Nikakuta na mada za Simba na Yanga, zote! Ila mada ya Bukoba hawakuwa nayo kwasababu mi mwenyewe niliifunga, mashine zao zisingeweza kuingia bila neno la siri. Nimelifikiria hili miaka mingi nikiwa nafua, nikiwa kwenye daladala. Nilifunga ili kuwalinda wale watu, na ningeulizwa leo ningefunga tena, lakini kufunga kulitaka nitunze mara mbili na mi nilitunza mara moja.

Sikuwa peke yangu, dunia nzima yalikuwa yanatokea hayo. GeoCities, ambako mamilioni ya watu walijenga kurasa zao kwa mitaa, kila mtu na namba ya nyumba yake, ilifungwa Oktoba 2009, na kama si watu wa kujitolea waliokopi usiku na mchana kabla haijazimwa isingebaki kitu.

Siku hizi mambo ya mji wetu yako kwenye magrupu ya WhatsApp. Mi niko kwenye kumi na saba. Ni mazuri, msiba unajulikana ndani ya dakika, mchango unakusanywa jioni moja. Lakini juzi kijana wa Ukerewe kauliza kwenye grupu la wavuvi swali lilelile alilojibu mzee wa Ukara 2005, kuhusu radi ya alfajiri. Nilijua jibu lilishaandikwa, tena vizuri, na mtu aliyekaa miaka sitini kwenye maji. Sikuwa na pa kumwonesha. Watu wawili wakamjibu juujuu, alafu ikaja picha ya harusi, alafu tangazo la kiwanja, na swali likapanda juu likapotea. Mzee mwenyewe amefariki. Hii ndo inayoniuma, siyo kwamba zamani kulikuwa na maandishi yanayotembea.

Mwaka jana tunahamisha vitu vya marehemu mama nikakuta begi la kafe. Ndani kuna daftari la vocha, kile kikaratasi changu cha USIZIME, selotepu imekuwa kahawia, na sidii moja, nimeandika kwa mkono Juni 2006. Imekwaruzika vibaya. Kijana mmoja ambaye yumo humu ndani, hataki nimtaje, alikaa nayo siku tatu anaisoma kidogo kidogo kwa draivu mbili tofauti mpaka databezi ikatoka. Mzee wa Ukara yumo, karibu yote. Na mada ya Bukoba imo, mpaka ile kumbukumbu ya miaka kumi, Mei 2006. Kilichoandikwa baada ya hapo mpaka 2011 hakipo.

Nimekuja nayo. Laptopu iko ile meza karibu na mlango wa kwenda baraza la ziwani, haina intaneti, sijaiweka popote na sitaiweka mpaka nimewapata watu wenyewe niwaulize. Kikaratasi nimekibandika juu yake. Kama wewe au mama yako au baba yako mliandika jina mle, njoo tuangalie pamoja kama lipo. Kama mliandika baada ya 2006 halipo, njoo uniambie niliandike tena, na kama hamkuwahi kuandika pia njoo. Sina haraka, ntakuwepo pale mpaka jua lizame, na nachapa pole pole ili tusikosee herufi.